Mwaka Tulipolifundisha Gitaa Kunguruma

Tulipoanua tanga la Tito mwezi uliopita, wajukuu zake walifungulia muziki kwenye simu, na kijana mmoja aliyekuwa amevaa kofia ndani ya nyumba akatueleza sisi wazee kwamba zamani hapa Tunduma hakukuwa na bendi, kulikuwa na ngoma na kwaya tu. Wanawake, akaongeza, kazi yao ilikuwa kayamba na vigelegele. Abdala, ambaye siku hizi anatembelea mkongojo na meno yake ni ya kununua, alinitazama kwa jicho la uchokozi kuona nitafanya nini. Sikutaka ugomvi msibani. Lakini mimi nina mdomo, hilo mji mzima unalijua, na Tito angenishangaa huko aliko kama ningenyamaza. Nikamwambia yule kijana avue kofia, avute mkeka, akae. Marehemu babu yako, nikamwambia, alikuwa mpiga dramu wa bendi yetu. Huyu mzee mwenye mkongojo alikuwa mwimbaji. Na gitaa la solo, baba, nilikuwa napiga mimi. Akacheka akidhani ni utani wa msibani. Basi nikamsimulia, na ninayoandika hapa ndiyo niliyomwambia, pamoja na machache ambayo mbele ya mchungaji sikuyasema.

Ulikuwa mwaka ule Wachina walipokuwa wanatandika reli kuelekea mpakani, na Tunduma ilikuwa imejaa wageni, matingatinga na vumbi jekundu ambalo uliliona hata kwenye uji. Ukumbi wetu ulikuwa ghala la mahindi lililobaki tupu baada ya mavuno kusombwa, lenye madirisha mapana yasiyo na vioo, na mpaka leo nikisikia harufu ya gunia kavu vidole vyangu vinatafuta nyuzi. Gitaa la umeme, jekundu kama pilipili, na amplifaya yake vilikuwa mali ya tawi la vijana wa chama. Umeme tuliupata kwenye betri ya lori la mjomba wake Abdala, mtu wa Tanga aliyekuwa anasafirisha mizigo huku kwetu. Kila Jumapili mchana tulipiga bugi, dansi la vijana linalokwisha kabla jua halijazama ili wazazi wasipate la kusema. Tulipiga vizuri, nasema hivyo bila haya yoyote. Tatizo ni kwamba tuliwapigia wauza karanga. Vijana wote walikuwa wanavuka mpaka kwenda Nakonde, kwa sababu huko kulikuwa na bendi ya Wazambia ambayo gitaa lake lilikuwa linanguruma. Letu lilikuwa linalia vizuri, kwa adabu, kama lilivyofundishwa. Lile la kwao lilikuwa linanguruma hadi upande wetu, na vijana wakilisikia walikuwa wanaacha hata chakula mezani.

Mwenyekiti wa tawi hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu asiyependa kitu cha umma kikae bure. Jumapili moja alikuja, akasimama mlangoni na suti yake ya mikono mifupi yenye mifuko minne, akatutazama sisi, akatazama sakafu. Akasema, "Ndugu zangu, hivi ni vyombo vya wananchi. Wananchi wako wapi?" Tito alitaka kumjibu kwamba wako Nakonde, nikamkanyaga mguu. Mwenyekiti akatueleza kwa upole kwamba vijana wa Vwawa wameviomba vyombo hivyo siku nyingi, kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi atakuja tena, na kwamba akikuta ukumbi uko hivi, Jumatatu yake vitapakiwa kwenye lori. Akatuaga kwa kutushika mkono mmoja mmoja. Mimi nililia, na nililia kwa hasira. Gitaa nilikuwa nimejifunza kwenye kwaya, pale Mbozi Mission, kwa gitaa la mbao ambalo ilibidi ulibembeleze ndipo litoe sauti. Hili jekundu lilikuwa la kwanza kunijibu nilipoliuliza. Nilijua kwamba likifika Vwawa sitaligusa tena, kwa sababu huko walikuwa na wapiga gitaa wao, wanaume tupu, na hakuna ambaye angetuma mtu Tunduma kumwita Eliza. Ningerudi jikoni na shambani, na hapo ndipo ningeishia.

Mama yangu mdogo alikuwa ameolewa Nakonde, na mtoto wake Mulenga ndiye aliyekuwa analipigisha lile gitaa kelele. Jumamosi iliyofuata nikavuka na Tito na Abdala, tukasema tunakwenda kumsalimia mama mdogo, jambo ambalo halikuwa uongo. Chumba chake cha mbele nakiona sasa hivi nikifumba macho: kuta zimebandikwa magazeti mpaka juu, meza ina kitambaa cha plastiki chenye maua, na dirishani kuna kopo la mafuta lililopandwa pilipili. Alitupikia nshima, yaani ugali wetu uleule kwa jina la kwao, na kapenta, dagaa wa kwao, waliokaangwa na nyanya mpaka wakalainika, na kisamvu cha karanga. Tulipokuwa tunakula nilimsikia nyuma ya pazia akizungumza Kinamwanga na jirani yake. Jirani alikuwa anauliza huyu binti ana mchumba yupi kati ya hawa wawili, na mama mdogo akamjibu kwamba hana, huyu atakuja kuolewa na gitaa. Wakacheka sana. Abdala hakuelewa lugha, akaniuliza wanacheka nini, nikamwambia wanacheka anavyotafuna.

Mulenga alikuja tukiwa bado tunanawa. Alikuwa kijana wa maringo, suruali pana chini kama sketi mbili, lakini mimi alinipenda. Alisema kwa mchanganyiko wake wa Kiswahili na Kibemba kwamba sisi wa Tanzania tunapiga muziki wa kuomba msamaha. Kisha akatuonyesha siri yake bila kuombwa mara mbili. Ilikuwa kasha la bati, kubwa kama viberiti vinne hivi vya jikoni, lenye swichi ya kukanyaga kwa mguu. Aliliita fazi. Sauti ya gitaa inaingia huku, akasema, inapigwa kofi humu ndani, inatoka upande huu ikiwa imekasirika. Akafungua skrubu za chini na kuinua kifuniko. Nilitegemea kuona mashine, nikaona vitu vichache ambavyo ungeviweka vyote kiganjani: transista mbili, rizista kadhaa zenye mistari ya rangi, kapasita, waya. Nikauliza hivi ndivyo vinavyotuibia watu wetu? Akasema ndivyo, na kwamba transista zile zilitoka kwenye redio mbovu. Basi akachota mahindi, maharage na karanga kwenye ungo wa mama yake, akayapanga juu ya kile kitambaa cha maua. Maharage yalikuwa transista, mahindi rizista, karanga kapasita, na nyuzi za katani zilikuwa waya. Alinifanya nivuruge na kupanga upya, nivuruge na kupanga upya, mpaka mama mdogo akaja kudai mboga yake. Nilivuka mpaka kurudi nyumbani nikiimba mpangilio ule moyoni, haragwe, hindi, karanga, hindi, kama ninavyoshika sauti ya alto.

Nyumbani kwetu kulikuwa na redio moja ya mbao, ilikuwa imekufa miaka mingi, lakini mama alikuwa bado anaifunika kwa kitambaa cha kufuma na kuipangusa kila Jumamosi. Kumwomba ilikuwa kazi. Alisema haijafa, imepumzika. Nikabeba maji, nikatwanga, nikamsifia mchuzi, lakini wapi. Mwisho nikamwambia ukweli wote, kwamba wakilichukua gitaa mimi sijui nitakuwa nani. Mama hakuwa mtu wa maneno. Alikunja kile kitambaa vizuri, akakiweka kifuani, akaniachia redio. Ndani yake mlikuwa na mende, vumbi na masizi ya miaka yote ya jikoni, na katikati yake vile vidude nilivyovitafuta, transista, vyeusi, vidogo kuliko haragwe, kila kimoja na miguu mitatu myembamba. Sasa, kwetu chombo kilichokwisha kutumika hakirudi kazini bila kusuguliwa. Sufuria, glasi ya kandili, kijiko, vyote vinapita kwenye majivu na mchanga laini mpaka ujione uso. Nilikaa kwenye kigoda nikavisugua vile vidude kwa majivu, kimoja kimoja, kwa upendo kabisa. Weusi ukatoka wote, chini yake kikabaki kioo kinachong'aa. Nilijiona fundi. Tito alipovitazama alisema hata za Mulenga hazipendezi hivi.

Wiki zile tatu jiko la mama liligeuka karakana. Tulichomelea kwa msumari mnene wa shaba tulioutia kwenye makaa, risasi ya kuunganishia tuliikwangua humohumo ndani ya redio, na utomvu wa miti ya misindano wa kusaidia risasi ishike Abdala alikuwa anautoa Mbozi Mission akienda huko na lori la mjomba wake. Vidude vyote tulivipanga juu ya ubao mmoja ulio wazi, na betri za tochi ndani ya kipande cha mwanzi. Swichi ilikuwa ya tochi pia, ya kusukuma, tuliyoigongomea kwenye kibao kingine cha sakafuni, na niliisukuma kwa kidole gumba cha mguu, peku. Tuliunguza vidole, tuligombana, Tito alisusa akarudi. Siku tulipounga waya wa mwisho tulileta gitaa, amplifaya na betri ya lori kutoka ghalani, na mle jikoni moshi ukiwa umetanda na mlango umeegeshwa, nilipiga uzi mmoja mzito wa chini na kusukuma swichi. Mama wee! Kuku waliokuwa chini ya kichanja cha kuni walitoka wote kwa pamoja. Ile sauti ilikuwa nene, ina kwaruzo, ukiiachia haikati, inabaki inatembea ukutani. Abdala alipiga magoti hapohapo kwenye majivu akacheka mpaka machozi. Ng'ambo ya ua niliwasikia wanawake wakiambizana kwamba kwa mama Eliza wameleta pikipiki, na mmoja akasema si pikipiki, ni mashine ya kusaga. Nilifurahi kuliko siku nilipobarikiwa kanisani, na hilo ndilo ambalo sikulisema mbele ya mchungaji.

Hapo kiburi kikanipanda. Tito alisema tufunike ubao wetu kwa kopo, kama Wazambia. Nikakataa katakata. Nilitaka Mwenyekiti aone kila kitu kinavyong'aa, ajue tumekiunda kwa mikono yetu. Ijumaa kabla ya ile Jumapili nilimwalika aje nyumbani saa za mchana, nikaalika na majirani, tukatoa meza uani chini ya jua kali, ubao juu ya meza, kamba ya waya ikishuka mpaka kwenye swichi yangu ya mguuni. Mwenyekiti alisalimia, akakaa kwenye kiti cha heshima, akakunja nne. Nikapiga, nikasukuma swichi. Kikatoka kilio chembamba cha mbu, halafu kimya. Nikapiga tena. Kimya. Majirani walianza kuangalia chini, na mtoto mmoja akacheka akapigwa kibao. Nilijaribu waya, nikajaribu betri, jasho linanitoka mpaka kwenye nyusi. Mwenyekiti alingoja kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili. Kisha akainuka, akasema, "Binti yangu, umejitahidi. Jumapili nitakuja kama nilivyoahidi, lakini lori nimekwisha kuliagiza." Na kweli, hata sauti yake ilikuwa ya kunihurumia, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Tulirudisha kila kitu jikoni, hakuna anayemtazama mwenzake. Abdala alisema labda tumerogwa na wa Vwawa. Tito alisema chombo chenyewe kina haya, hakipendi wageni. Mimi nilikaa kwenye kigoda, mgongo kwa mama, gitaa mapajani, nikapiga uzi mmoja kwa uchungu tu, wala sikutegemea kitu. Likanguruma. Pale pale jikoni, lilelile, likanguruma kama lori linalopanda mlima. Tukatazamana. Tukalitoa pamoja na ubao wake mpaka kizingitini, likafa. Tukalirudisha ndani, likafufuka. Abdala akaanza kusoma dua. Mara ya mwisho tuliliacha karibu na mlango, pale mwali wa jua ulipokuwa unapiga sakafuni, na nilikuwa napigapiga huku limenyamaza, wakati mama alipokuja na ungo wake wa mahindi akasimama mlangoni kutuuliza kama tutakula au hatuli. Kivuli chake kikaangukia ubao, na gitaa likapiga kelele katikati ya swali lake. Mama akaruka pembeni, likanyamaza. Nikamwambia, "Mama, rudi hapohapo ulipokuwa." Akarudi, likanguruma. Nikamwomba asogee, likakata. Tulimsogeza mama yetu mlangoni huku na huku kama pazia, mpaka akasema yeye ana mboga motoni.

Ndipo nikaelewa. Ule weusi nilioutoa kwa majivu haukuwa uchafu, lilikuwa vazi lao. Nilikuwa nimevivua nguo vile vidude nikavianika juani mbele za watu, na mwanga ulipoingia ndani ya kioo ulivipumbaza. Hakuna aliyetuambia, Mulenga mwenyewe hakujua, kwa sababu hakuna mtu Nakonde wala popote aliyewahi kuzisugua transista kwa majivu kama sufuria. Jibu lilikuwa limeegemea ukuta wa nje: baiskeli ya Tito. Tulivuta ule mpira mwembamba mweusi wa valvu, tukaukata vipande viwili, nikavivisha vile vidude kimoja kimoja kama unavyomvisha mtoto soksi. Tukatoka uani, jua lilelile, meza ileile. Sikuita mtu. Nilipiga mara moja tu, na nikawaona majirani wote wanarudi wenyewe kupitia kwenye mwanya wa ua.

Jumapili tulianza na watu wachache, wauza karanga wetu waaminifu na waliokuja kuona aibu ya pili. Mwenyekiti alikuwa mlangoni. Jua la mchana lilikuwa linamiminika kupitia yale madirisha mapana, na ubao wangu niliuweka juu ya kigoda katikati ya jua hilo, wazi, bila kopo. Abdala aliimba mwanzo wa wimbo peke yake, polepole, Tito akaingia na dramu, mimi nikapiga kwa adabu ya kawaida, na nilimwona Mwenyekiti akitazama saa. Hapo nikavua kiatu. Nilipoisukuma ile swichi, bati la paa lilitetemeka. Sauti ilijaa ghala ikamwagika nje, ikapita vibandani, ikapita stendi ya malori, ikavuka mpaka bila kuulizwa na askari. Kwanza waliingia matingo wa malori, wakiwa na grisi mikononi. Kisha wasichana wa sokoni. Kisha Wachina watatu walisimama dirishani wakiwa wameziba masikio na wanacheka. Halafu nikawaona wanatoka upande wa Nakonde, kundi kwa kundi, vijana wetu wote waliotukimbia, wakikimbia kurudi nyumbani, na nyuma yao Wazambia wenyewe na suruali zao pana, na Mulenga mbele yao amebeba gitaa lake kichwani. Bendi yake ilikuwa imebaki bila watu, ikabidi nayo ifuate. Nilimpigia ishara apande. Tulipiga wawili, lake linanguruma na langu linanguruma, vumbi la mahindi likipanda mpaka darini, na nilijua kwa mwili wangu wote kwamba hakuna mtu duniani mchana ule aliyekuwa na furaha kama yangu. Mwenyekiti nilimtafuta mlangoni nisimwone. Alikuwa katikati ya sakafu, suti imefunguliwa vifungo, anacheza na muuza karanga.

Jumatatu asubuhi lori la Vwawa lilikuja kama lilivyoagizwa. Dereva akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni mwa ghala, akashusha bodi, akauliza mzigo uko wapi. Tulikuwa tumekaa juu ya mzigo: mimi na gitaa mapajani, Tito juu ya amplifaya, Abdala amelala chali juu ya dramu, sauti imemkauka. Vijana walikuwa wamejaa nje, wamekunja mikono, na hakuna aliyekuwa tayari kumsaidia kupakia hata fimbo za dramu. Dereva akamgeukia Mwenyekiti, aliyekuwa amesimama kando, akamwambia kwamba yeye ametumwa, na akirudi mikono mitupu atawaambia nini. Mwenyekiti alifunga vifungo vya suti yake kimoja baada ya kingine, akasema, "Waambie vyombo viko kazini. Wakitaka kulisikia gitaa, waje wenyewe Jumapili."

Lori lilirudi Vwawa tupu. Jumapili likaja limejaa watu.